Kitambaa Cheusi cha Saa Kumi

Kikwajuni, Unguja
12 Agosti 2024

Kwa mke mwenzangu Badria,

Salaam nyingi sikuletei leo, maana nna hasira. Nakuandikia kwa mkono wangu, kwa herufi za chuo cha Kurani, kwa sababu simu ya jirani yangu Shemsa nshaichoka. Nikisema nawe kwenye simu ile, mwenyewe Shemsa kasimama mlangoni, wanawe wako dirishani, na neno langu linafika Michenzani kabla halijafika kwako. Skuli mimi nimeiona ukuta wake tu. Lakini herufi hizi nilikufundisha umekaa mapajani pangu, na ukizisahau utakuwa umenisahau na mimi.

Tahir amekufa Jumatatu ya tarehe ishirini na tisa mwezi uliopita. Wasomali wa msikiti wa huko wamemuosha, wamemsalia, wamemzika. Mungu awalipe, maana sisi tuliokula naye hatukuwahi hata kumtia konzi ya udongo. Hayo nimeyapokea. Sina ugomvi na Mungu, ugomvi wangu ni na wewe. Shemsa kanambia siku ya nne ulirudi kazini. Nikamwambia muongo. Akanionesha picha aliyoitia mtandaoni mwenzako wa kazi: wewe, umevaa mabuti, umeinamia miche, mumeo hana hata siku nne ardhini.

Badria, kizuka hatoki. Mume akifa mke hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Havai ya kung'ara, hajifukizi udi, hapiti njiani. Umesoma mpaka umepelekwa Ufini ukasome zaidi, hili la kukaa kitako tu limekushinda?

Na usisahau nasema kama nani. Mjukuu kwangu ni mke mwenza, ndivyo tunavyotaniana sisi, na Tahir nilimwita mume wangu mbele ya macho yako. Akija na halua ananambia, "Ficha, bi mdogo asituone." Basi na mimi nimefiwa. Nani kanipa pole?

Kaa ndani. Au rudi ukae huku, chumba chako hakijalaliwa na mtu.

Bibi yako,
Wanu binti Simai


Kaskazini ya Ufini
1 Septemba 2024

Shikamoo Bibi,

Barua yako nimeisoma kwa kidole, herufi moja moja, na kila nikikosea nilihisi kofi lako mgongoni.

Eda sikuidharau. Ngoja nikueleze kazi yenyewe, kisha unitukane ukiwa unajua.

Tunaotesha misonobari. Ni miti kama mivinje ya kwetu, majani yake sindano. Miche mingine mbegu zake ni za huku huku, mingine za kusini ya nchi, mingine zimetoka ng'ambo kwenye joto zaidi. Yote imepandwa siku moja, udongo mmoja. Tunataka kujua ipi itastahimili jalidi, yaani umande wa huku, unaoganda juu ya jani ukawa kama unga wa chupa. Mche hauzaliwi unaiweza baridi, Bibi. Kwanza lazima uache kukua, ufunge kichipukizi cha juu kama ngumi. Ukishatulia hivyo, baridi inaongezeka kidogo kidogo na wenyewe unakomaa kidogo kidogo, mpaka barafu haiuui.

Mche utajuaje kwamba wakati wa kuacha umefika? Unausoma usiku. Usiku ukirefuka kiasi fulani, unaacha. Lakini kila mche unasoma kwa hesabu ya kwa mama yake. Wa kusini unangoja usiku mrefu kuliko anaoungoja mwenyeji, na huku usiku huo unakuja jalidi imeshaanguka. Basi unaendelea kukua tu, kijani, unapendeza, mpaka siku ya kufa kwake.

Kwa hiyo tunaudanganya. Kuanzia mwezi wa saba, saa kumi jioni tunavuta kitambaa cheusi juu ya matuta, asubuhi tunakifungua. Wiki tatu, bila kukosa hata siku moja.

Kazi hii ni yangu. Nikikaa ndani miezi minne, miche ya mwaka mzima imekwenda, na ruhusa yangu ya kuishi huku imekwenda nayo.

Mimi sijambo. Nakula, nalala. Kaburini nakwenda kila Ijumaa. Usiwe na wasiwasi nami.

Mjukuu wako,
Badria


Kikwajuni
22 Septemba 2024

Marahaba, mke mwenzangu,

Nimekusoma mara tatu. Ya kwanza kwa hasira, ya pili kwa miwani, ya tatu nikacheka peke yangu mpaka Shemsa akachungulia. Mmeukalisha mti eda. Giza, siku za kuhesabu, hautoki, hauchipui, haujipambi, mpaka ufunge ngumi ndipo uweze yaliyo mbele. Hao mabwana wa huko wamelijua la mti, na anayeshika pindo la kitambaa ni wewe. Halafu mwenyewe unazunguka nje.

Nimemwita Maalim Wakil, huyu anayesomesha watoto hapa chini. Kanijibu bila kufungua kitabu: mwenye haja hutoka mchana akatafuta riziki yake, usiku akalala nyumbani kwake. Nikamuuliza, "Mbona hukunambia mwaka ule nilipofiwa mimi?" Akasema, "Bi Wanu, mwaka ule mimi sijazaliwa." Basi hilo la kazini nimelifuta. Nilikukaripia bure, nisamehe, na sisemi mara mbili.

Lakini mengine sijayafuta. Unasema unakula. Kwenye picha mfupa wa bega umeinua koti. Unasema unakwenda kaburini kila Ijumaa. Mti umenielezea ukurasa mzima, nimejua mpaka unavyokunja ngumi. Kaburi la mumeo umelipa mstari mmoja. Liko upande gani? Lina jiwe au lina kijiti? Wewe tangu mdogo, ukisema kweli unasema mpaka mtu anachoka kusikiliza. Ukiwa mfupi, najua kuna uliloficha, nachungulia chini ya mtungi.

Basi nimeamua. Wewe huwezi kukaa, nakaa mimi. Maalim kasema kukaa kwangu hakuhesabiki, eda ya mtu hakai mtu mwingine, na utani si ndoa. Nikamwambia hilo sikukuuliza. Mlango wa mbele nimeufunga. Sokoni ananiendea Shemsa, ananiletea nyanya zilizopondeka, namvumilia. Nimetoa ukindu uvunguni, nasuka ukili, ule utepe wa kushonea mikeka, shibiri moja kwa siku moja ya Tahir. Nimechelewa kuanza, kwa hiyo nasuka mbili mbili mpaka nizifikie siku zenyewe. Nikifika mwisho, na wewe utakuwa umefika.

Kula, basi. Hata uji.

Bibi yako, Wanu


Kaskazini ya Ufini
9 Oktoba 2024

Shikamoo Bibi,

Tafadhali fungua mlango. Una miaka sabini na nne na goti bovu. Ukianguka humo ndani nani atakusikia? Usinikalie, usinihesabie. Sikukuomba.

Kaburi liko mwisho wa safu. Lina kijiti.

Jalidi imeanza tangu katikati ya mwezi uliopita. Tuta la tatu limekufa lote. Ni miche ya kusini. Matuta mengine yana mashine ya kuvuta kitambaa, lile nalifunika mwenyewe kwa mkono. Nililifunika siku nane, kisha siku tatu hapakuwa na mtu wa kulifunika. Ni zile siku tatu za hospitali na mazishi. Siku ya nne nilirudi nikaendelea, lakini ilikuwa imeshaharibika. Mche ukikatiziwa usiku wake katikati hudhani msimu umerudi. Ukafungua ngumi, ukachipua upya, laini kama kidole cha mtoto. Jalidi ilianzia hapo.

Kazi ni nyingi. Nitaandika nikipata nafasi.

Badria


Kikwajuni
31 Oktoba 2024

Badria,

Mlango sijaufungua. Goti halijambo.

Tuta lako la tatu ni mimi. Kaa nikwambie jambo ambalo mama yako kafa hajalijua.

Babu yako Matar alipokufa nilikuwa na miaka ishirini na minane. Wakanitia chumba cha nyuma, dirisha limefungwa, shuka nyeupe mpaka kichwani. Siku ya hamsini na mbili kulikuwa na harusi nyumba ya tatu. Nikasikia ngoma. Bibi yako huyu anayekupigia kelele za eda, alipanda ukuta wa uani akatoka. Na wala haikuwa haja, kwa hiyo Maalim Wakil hana la kunisaidia. Chakula cha watoto kililetwa kila siku mpaka kinamwagwa. Nilikwenda kupiga makofi. Nilivaa kanga ya dada yangu na udi nikajifukiza. Mwanamke mmoja aliponiona akajisogeza akanipa nafasi mkekani. Nikaimba mpaka nikakaukwa sauti. Chumbani sikurudi tena. Nikasema, wengine wanalia miezi minne, mimi msiba nimeumaliza kwa siku hamsini na mbili. Nikajiona hodari.

Miaka saba, mwanangu. Nikauza vitumbua, nikalea, nikagombana na watu, nikacheka. Mwaka wa saba nikafungua sanduku kutafuta kitambaa cha kiraka, nikakuta shati lake. Kifungo kimoja kimekatika, nami nilimwahidi kukishona. Kifungo tu. Nikakaa chini pale pale nisinyanyuke. Mwezi na nusu. Mama yako ana miaka kumi ndiye aliyepika, akaungua mkono. Ile alama uliyokuwa ukiishika ukinyonya, imetoka hapo. Watu wakasema Wanu karogwa, wakaniletea makombe, aya zilizooshwa kwenye sahani, ninywe. Sikurogwa. Baridi ilinikuta laini.

Ndiyo maana nilikupigia kelele. Hukumu ya kutoka nje waulize masheikh. Mimi naogopa kile kifungo.

Sasa niambie. La miti nshalielewa, hilo weka upande. Mtu hakimbii kazini siku ya nne kwa ajili ya ruhusa ya kuishi. Unakimbia nini?

Bibi yako


Kaskazini ya Ufini
14 Novemba 2024

Shikamoo Bibi,

Kaburini sijakwenda hata mara moja. Wakati wa mazishi nilibaki garini. Kile kijiti nilisimuliwa.

Siku ile ilikuwa saa kumi jioni. Nilikuwa tuta la tatu, nimeshika pindo la kitambaa, upepo unalivuta. Simu ikalia mfukoni. Nikajua ni Tahir, mlio wake ni mbali na wa wengine. Nikasema moyoni, nikiachia pindo kitambaa kitafunuka chote, ngoja nimalize nitampigia. Ikalia mara ya pili. Nikafunga kamba zote nne, moja moja, vizuri. Nilipompigia akapokea mtu nisiyemjua. Alisema lugha yao taratibu, kama mtu anavyosema na mtoto. Tahir alikuwa kituo cha basi, ametoka kazini. Wakanambia moyo ulisimama, alikuwa amekaa, simu mkononi.

Alitaka kunambia nini, Bibi? Usiku nalala na swali hilo, asubuhi naamka nalo. Nilimwacha mume wangu anapiga simu kwa ajili ya tuta la tatu, na tuta la tatu lenyewe limekufa. Kwa hiyo nilirudi siku ya nne kuliokoa, angalau lipone hilo. Halikupona. Nikikaa tu kitako, mahali popote, simu inalia.

Juzi tumepima. Tunakata ncha za miche tunazitia kwenye jokofu linaloshuka baridi ngazi kwa ngazi, kisha tunazitoa tunangoja kuona ipi imegeuka kahawia. Miche ya kusini isiyofunikwa imekwisha mapema. Iliyokamilisha wiki tatu za giza imevuka digrii ishirini chini ya kuganda, nayo ni ya kusini hiyo hiyo, mama mmoja. Watu wamenishika mkono, wamenipongeza. Nikaenda chooni nikajifungia mpaka wakaondoka.

Nimekudanganya barua zote hizi, nisamehe.

Badria


Kikwajuni
4 Desemba 2024

Mwanangu Badria,

Leo sitanii, kwa hiyo sikukuita mke mwenzangu.

Nisikilize. Ungepokea, angekwambia anaumwa, nawe ungesema kaa hapo hapo nakuja, na angekufa uko njiani. Moyo ukishaamua kusimama haungoji mtu ateremke basi. Halafu ingekuwa unaisikia sauti yake mpaka leo, unaniandikia kwa nini hukukimbia zaidi. Sikwambii ilivyokuwa ndiyo bora. Hakuna bora hapo. Nakwambia hakuna mlango ulioufunga wewe.

Na jambo moja hulijui. Tahir alikuwa akinipigia, simu hiyo hiyo ya Shemsa, siku ukiwa zamu. Ananambia, "Bi mkubwa, mwenzio saa hizi anawalaza watoto wake." Saa kumi aliijua, Badria. Alijua umeshika kitambaa na hutapokea, na bado akapiga. Mtu akiogopa hupiga kwa mtu wake, hata kama hana la kusema. Alikuwa anakushika wewe tu. Basi, alikushika. Ilikuwa inalia mfukoni mwako, juu ya paja lako.

Na mimi nimekudanganya. Nilianguka kweli, mwezi wa kumi, bafuni. Shemsa ndiye aliyenisikia, akavunja komeo. Siku hizi simsemi kwa kuwa na masikio.

Leo miezi minne na siku kumi imetimia, kwa hesabu ya mwezi kuandama. Nimeoga. Shemsa kanifungulia mlango akalia yeye, mimi sikulia, nililia humo ndani, fungu langu na lako. Na la Matar nalo nimelilia, miaka arbaini na sita imepita. Nilipokuwa nasuka sikujua mara nyingine ni shibiri ya nani. Nimetoka mpaka barabarani, jua likanipiga usoni, mwenye boda akanipigia honi nikamtukana, nikajua niko hai.

Ukili umetoka shibiri mia moja na ishirini na nane. Umetosha misala miwili. Mmoja wangu, mmoja wako, wake wenza hugawana. Wako nimeufunga ndani ya kanga, barua hii iko katikati yake. Unanuka moshi wa jiko langu. Usiufue.

Siku za sheria zimekwisha. Zako wewe hujazianza. Omba likizo hata wiki, ufunge mlango, ukae, simu ilie mpaka ichoke. Halafu nenda kamsalimie.

Bibi yako anayekupenda,
Wanu binti Simai


Kaskazini ya Ufini
29 Desemba 2024

Shikamoo Bibi,

Furushi limefika tarehe kumi na tisa. Nikaomba siku saba, wakanipa kumi. Nimekaa. Sitakueleza nilivyokaa, wewe unajua.

Leo nimekwenda kwa Tahir. Nilichukua ufagio wa kitalu, kwa sababu wenyeji walinambia theluji imejaa. Imejaa kweli, inafika magotini, kaburi halionekani. Kijiti tu ndicho kilichotokeza, urefu wa kidole. Liko mwisho wa safu, upande wa miti, sasa nimeliona mwenyewe. Nikaanza kufagia. Nilitaka aonekane. Nilitaka nimmwagie maji kama tunavyofanya kwetu, nilikuwa nimeyabeba kwenye chupa, lakini yalikuwa yameganda.

Nilifika nusu nikakumbuka miche. Theluji ikishaifunika hatuigusi tena mpaka mwezi wa tano. Baridi kali ya huku iko juu, hewani. Chini ya theluji si kali hivyo, mche umejifunika. Ukiufukua sasa hivi unauua, hata ule uliofunga ngumi vizuri.

Nikaweka ufagio. Ile theluji niliyoifagia nikairudisha kwa mikono, nikaipapasa mpaka ikakaa sawa, kama ulivyokuwa ukinipapasa shuka nikiwa na homa. Nilikuwa naongea, Bibi, sijui nilisema nini, Kiswahili tu.

Kisha nikatandika msala wako pembeni yake nikakaa. Simu niliiacha nyumbani. Mwezi huu giza la huku huingia saa nane mchana, likanikuta hapo. Ilipofika saa kumi nilikuwa bado nimekaa.

Mke mwenzako,
Badria